Fomu za Bluu

Kila Novemba naletewa katoni moja
ya fomu za bluu, na barua juu yake:
muuguzi wa shule, wajazishe kidato cha tatu,
zirudi kwetu kabla ya Krismasi.
Hapa Dundee, saa tisa alasiri, taa zimekwisha kuwaka,
na ukungu umeufunika mto Tay
kama shuka juu ya kitanda kilichoachwa.

Nagawa penseli. Nasema: hakuna jibu baya.

Wiki hii umeumwa kichwa mara ngapi? Tumbo? Mgongo?
Usiku unapata usingizi?
Visanduku vinne kila swali:
hata mara moja, mara chache, mara nyingi, kila siku.

Fomu hazina majina, zina namba,
ila baada ya miaka sita miandiko naijua.
Wasichana huandika mpaka nje ya visanduku.
Catriona amechora mshale hadi ukingoni:
kichwa, Jumanne, upande wa kushoto, baada ya hesabu;
tumbo, si lile la mwezi, ni lile jingine.
Morven ameomba karatasi ya pili.

Wavulana humaliza kwa dakika mbili.
Hata, hata, hata, hata,
alama moja chini ya nyingine
kama vifungo vya shati vilivyofungwa mpaka kooni.
Fergus ameandika hata
kwa mkono wa kushoto,
maana wa kulia bado umo ndani ya plasta.

"Wasichana wako hawa," husema Bwana Lockhart wa michezo,
"hawakosi jambo." Hucheka.
Mwaka wa kwanza nilicheka naye.
Nilidhani ni hesabu nyepesi:
anayesema sana ana kidogo,
asiyesema hana kitu.

Kwetu Pangani nililelewa na methali:
mficha maradhi, kifo humuumbua.
Haikuniambia anayeyafichua
huumbuliwa na nani.

Catriona alinijia mara kumi na moja tangu Agosti.
Kwenye daftari, mwandiko wangu mwenyewe:
tumbo, amepewa maji, amerudi darasani.
Tumbo, amepewa maji, amerudi darasani.
Mara ya kumi na mbili ilikuja gari la wagonjwa.
Daktari alisema utumbo umejaa vidonda,
vya muda mrefu.
Msichana hakunilaumu.
Alisema tu, "Si nilikuambia?"
kwa sauti ya mtu anayeuliza saa.

Basi mwaka huu nimezisoma polepole,
hasa zile zisizo na kitu cha kusoma.

Namba thelathini na nne. Ile t yenye mkia naijua,
niliifundisha mimi, mezani, kwa maharage makavu.
Nassoro wangu. Kumi na minne, viatu namba tisa.
Vipi? Poa. Mlango.
Hata, hata, hata, mpaka swali la usingizi:
hata.
Ila karatasi pale imechubuka.
Nikaigeuza, nikapapasa kwa kidole,
na mgongoni mwa karatasi nikakuta uvimbe mdogo,
alama iliyokandamizwa kwa nguvu, kisha ikafutwa,
kwenye kisanduku cha nne.

Sikupaswa kujua. Niliirudisha katikati ya nyingine,
nikafunga katoni kwa gundi, nikabandika anwani.

Jioni nilikuwa namenya viazi. Aliingia kutafuta chaja.
Sikumwuliza vipi.
Nilisema, nikiwa nimempa mgongo:
"Leo kiuno kinaniuma. Toka asubuhi. Sijamwambia mtu."

Birika lilichemka, likazima.

"Wapi?" akasema.
Nikamwonyesha kwa mkono wenye maji.
Alisimama pale kwa muda ambao sikuupima.
"Mimi ni usiku tu," akasema,
akachukua kisu cha pili,
akamenya kiazi kimoja kwa unene mno,
nusu yake ikaondoka na ganda.

Sikumsahihisha. Nikamsogezea kingine.